Nimemwona kwa Macho Yangu

Faili lilinuka kafuri, ile ya kuzikia, na Mama Muhuri akalisogeza mbali na chai yake.

Jina hilo alipewa na wenzake katika ofisi ya leseni za madaktari, maana hakuna daktari aliyegusa mgonjwa mkoa mzima kabla muhuri wake haujagonga. Mkali huyo, si mchezo! Ila binadamu hakosi doa. Ijumaa iliyopita, saa ya kutoka, alisaini fomu nane kwa mkupuo, na kila moja ilikuwa na mstari huu: "Nimemwona mwombaji kwa macho yangu." Wa nane hakumwona. Vyeti vilikuwa safi, picha safi, naye alikuwa anamkimbilia mdogo wake wa mwisho, aliyelazwa akisubiri upasuaji.

Sasa faili la huyo wa nane liko mezani, na picha haina uso. Tai ipo, kola ipo, juu ya kola karatasi tupu.

"Mzee," alimnong'oneza mtunza masjala, "hebu njoo utazame."

Mzee alitazama mara moja tu, akavua miwani. "Huyu ulimwona?"

"Sikumwona."

"Lahaula! Jini haingii mwilini mwa mtu bila ruhusa, mwanangu. Huyu kaja kwako, nawe umempa ruhusa ya wagonjwa wote."

Mama Muhuri alilifunga faili. Mdogo wake alikuwa miongoni mwa hao wote.

"Nifanye nini?"

"Mwite, umfutie leseni. Lakini safari hii umwone."

Aliandika barua ya wito. Kabla hajaikunja, mchana kweupe, kiti cha wageni kililia kwa uzito ingawa mlango haukufunguliwa, kafuri ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka, na kitu kikawa kinapumua taratibu upande wa pili wa meza, kikimsubiri, naye ameinamia fomu ya kufuta leseni, yenye mstari uleule, akijua kwamba akiandika uongo mara ya pili hatakuwa na wa kumlaumu, basi akauma meno, akainua macho, akamtazama.

Alichokiona hajamsimulia mtu. Mzee, aliyekuwa kajibanza nje, anasema alisikia ukelele mmoja, halafu muhuri: pa!

Alipoingia, kiti kilikuwa kitupu na leseni imelala mezani, imelowa. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Umemtoa, mama! Wewe ni kiboko!"

Lakini Mama Muhuri alikuwa anasoma maandishi madogo chini ya fomu, maneno aliyowafundisha makarani wapya miaka yote: kufutwa kwa leseni hakutengui kazi iliyokwisha kufanyika.

Alikimbia hospitali bila hata mkoba. Alimkuta mdogo wake amekaa kitandani, anachana nywele, hana bandeji wala maumivu.

"Dada, nimepona! Daktari alipita asubuhi, wala hakunipasua. Kanishika tu hapa."

Mama Muhuri alimkumbatia, akalia kwa furaha kama mtoto. Kisha akavuta pumzi. Nywele zilinuka kafuri.

Akafumba macho, akayabana kwa nguvu zake zote.

"Mbona unafumba?" iliuliza sauti nzito kutoka kifuani mwa mdogo wake. "Niangalie, dada. Safari hii niangalie vizuri."