Jaribio la Tatu

Rukaiya, mke wangu, alikuwa amenituma mafuta ya taa. Jua linazama, baridi ya Makambako imeshaanza kung'ata, nami nimefunga kisanduku cha vifaa. Ndipo Pijo 504 kuukuu ikaingia kwenye kibanda changu cha gereji. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyeuza mbao mbili tatu alijinunulia gari, zima au bovu. Taa za hili zilikuwa na rangi ya mkojo.

Ndiyo, mkojo. Sitafuti neno zuri.

Aliyeshuka alijitaja kuwa Polikarpo, mfanyabiashara wa mbao wa Kifanya.

"Fundi Ussi, taa ya chaji inawaka toka nyumbani. Nadhani altaneta inakufa. Mama yangu yuko nyuma, hoi. Nampeleka hospitali."

"Hospitali si umeiacha Njombe?"

"Huko wanatufahamu," alinong'ona.

Nikachungulia nyuma. Bibi kizee, amekauka, amefunikwa blanketi.

"Kamwene, bibi," nilimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene..." Sauti ikamkwama.

Nikafungua boneti. Harufu ikanipiga usoni: mafuta ya ng'ombe yaliyochacha, na nywele zilizoungua. Nimewahi kutoa panya waliooza ndani ya injini, lakini hii ilinikaa ulimini. Nikatema mate.

Mafundi wa mtaani tulikuwa na kipimo chetu cha altaneta, ile dinamo inayochaji betri. Injini ikinguruma, unachomoa waya wa betri. Injini ikizima, altaneta imekufa. Ikiendelea, ni nzima. Wenzangu huchomoa mara moja. Mimi mara tatu, na mji mzima ulijua nilivyojisifia jambo hilo.

Nikachomoa.

Injini haikuzima. Taa zikang'aa.

Nyuma, bibi akaguna.

Nikarudisha waya, nikachomoa tena. Taa zikawa nyeupe. Safari hii nikasikia kilio... kifupi. Nikaenda dirishani. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea, ute wa manjano unamtoka puani. Akanishika mkono. Vidole vyake vilinata.

"Mwanangu... basi. Mara mbili zimetosha."

"Homa hiyo inamsemesha," alisema Polikarpo. "Malizia, fundi. Au siku hizi unajaribu mara mbili?"

Kiburi kikanipanda. Upumbavu wangu wote uko hapo.

Nikachomoa mara ya tatu.

Taa zikawaka hadi nikaona kila tofali la nyumba ya ng'ambo ya barabara.

Nyuma... kimya.

Nikatoa taa yangu ya kupimia, kibalbu kidogo chenye nyaya mbili, nikaigusisha kwenye altaneta. Haikuwaka. Altaneta ilikuwa imekufa siku nyingi! Waya wake mnene haukwenda kwenye betri. Ulikuwa umezungushiwa mvi na kupakwa mafuta, ukapenya kwenda chini ya kiti cha nyuma. Nikaugusa na kibalbu. Kikawaka vikali. Nikaufuata kwa mkono, unateleza, hadi nikafungua mlango na kuinua blanketi.

Ulikuwa umeingia kisiginoni mwa bibi. Nyama imeoza kuuzunguka, usaha umegandia kwenye shaba.

Bibi hakuwa akipumua tena.

Nikaliachia blanketi.

"Umemuua mama yako!"

"Mimi?" Polikarpo alitabasamu. "Mganga alinikataza kuchomoa mwenyewe. Ulitakiwa mkono wa mtu baki, mara tatu. Nimezunguka sana kumtafuta fundi mbishi."

Akafunga boneti na mlango taratibu, akaondoka kuelekea Iringa, taa nyeupe pe! Polisi ningewaambia nini? Mkono uliochomoa ni wangu.

Nilinawa kwa petroli, nikanawa kwa majivu. Kinyaa hakikutoka, wala ule unato wa vidole vyake. Nilifika nyumbani mikono mitupu, mafuta ya taa nimeyasahau kabisa. Nyumba giza. Nikakaa kwenye mkeka.

Mfukoni mwa koti kitu kikaanza kupata joto.

Nikakitoa. Kibalbu changu. Hakikuunganishwa na betri, wala na chochote... na kilikuwa kinawaka.

"Afadhali umeleta taa," Rukaiya alisema akicheka, akija kutoka uani. Kisha akaegemea ukuta. Akakaa chini, polepole.

Kibalbu kikazidi kung'aa.

"Baba Esha... mbona kisigino kinaniuma?"