Kadi ya Josephat na Mama Mkwe

Asubuhi hiyo, nyumbani kwa Roza huko Buhongwa, Mwanza, chai ilipoa vikombeni. Hakuna aliyeinywa. Roza alijaribu kumvalisha mama yake viatu, lakini havikuingia. Miguu ilikuwa imevimba kuanzia magotini hadi vidoleni.

Mama yake, Dorotea, alikuwa mgonjwa wa moyo. Siku hiyo Roza na mumewe walikuwa wanampeleka kwa ndege hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari wa Mwanza alimwonya Roza mapema.

"Uwanjani asikae kwenye joto, wala asisimame muda mrefu. Apumzike, miguu iwe juu. Akizidiwa, hawatampandisha kwenye ndege."

Roza alikuwa ameyakariri maneno hayo, akayarudia tena kwa sauti.

"Punguza wasiwasi, mama watoto," alisema mume wake, Josephat Okech. "Kadi yangu ipo."

Josephat alikuwa mnunuzi wa sangara wa kiwanda kimoja cha samaki. Leo yuko Nansio kwa meli, kesho yuko Dar kwa ndege. Miaka hiyo kampuni binafsi za ndege zilikuwa zimeanza kugombea abiria. Kampuni moja ilimpa Josephat kadi ya msafiri wa mara kwa mara. Kwa kadi hiyo aliingia katika chumba cha mapumziko pale uwanjani. Humo mlikuwa na feni, makochi na maji baridi.

"Ishike wewe," alimwambia Roza. "Uingie na mama. Mimi nitabaki nje."

Roza hakushangaa. Kwa desturi ya Kijaluo waliyolelewa nayo, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hata ndani ya gari Josephat alikaa mbele na dereva, bila kugeuka nyuma. Dorotea naye alijifunika kanga usoni. Hiyo ndiyo heshima.

Uwanjani walikuta ndege imechelewa. Ukumbi ulijaa watu, na mabenchi yote yalikuwa na wenyewe. Walikabidhi mizigo, wakapewa pasi za kupandia ndege. Kisha Roza akamshika mama yake mkono, wakaenda hadi mlango wa chumba cha mapumziko. Mhudumu wa hapo aliitwa Wilhelmina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Dorotea huku akihema.

Roza alitoa kadi. Wilhelmina akaisoma. "Josephat Okech yuko wapi?"

"Ni mume wangu. Yuko pale nje."

"Basi mwite, dada. Kadi hii ni ya mtu mmoja, huyu aliyeandikwa jina. Haiazimwi, hata kwa mke."

"Lakini sisi ni mwili mmoja! Tulifunga ndoa kanisani."

Wilhelmina alicheka kidogo. "Mwili mmoja, nakubali. Ila jina lililoandikwa hapa ni lake. Nikikuruhusu wewe, kesho atakuja mtu na kadi ya shemeji wa jirani yake."

Roza alimpungia mumewe mkono. Josephat alikuja, akasimama mbali kidogo, uso ameugeuzia pembeni.

"Kaka, masharti ni haya," alisema Wilhelmina. "Mwenye kadi aje mwenyewe. Awe anasafiri leo na ndege ya kampuni yetu, anionyeshe na pasi. Ukipanda ndege ya kampuni nyingine, kadi hii haikusaidii. Unaruhusiwa mgeni mmoja, naye awe msafiri. Mgeni anaingia na mwenye kadi, anatoka na mwenye kadi."

"Mgeni mmoja?" Josephat alijipangusa jasho. "Yaani mimi na mke wangu. Au..."

"Au wewe na mama."

"Na mama mkwe? Dada, unataka nilaaniwe!"

Dorotea aliegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa imekauka. Roza alimshika bega asianguke. Alifumba macho. "Bwana Yesu," aliomba kimoyomoyo, "usimwache mama aangukie hapa."

Ndipo Dorotea aliposema, kwa sauti ndogo, "Roza, mwambie mkwe wangu hivi. Nikianguka, atanibeba. Akinibeba, atanishika. Sasa achague. Anibebe, au aingie akae kona ile ya mbali?"

Josephat aliinamisha kichwa. "Mwambie mama nimesikia."

Wilhelmina aliwaingiza ndani, akaligeuza kochi moja lielekee dirishani, akamkalisha Dorotea, akamwekea kigoda chini ya miguu. Josephat alikaa kona ya mbali, ameutazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Roza alibaki mlangoni. Alisikia kila neno.

"Mwambie mkwe wangu anywe chochote, asikae kama mfungwa," Dorotea alimwambia Wilhelmina.

"Mwambie mama nimeshiba."

"Mwongo huyo!"

Wilhelmina alipeleka maneno huku na huku. Kisha akamfuata Roza mlangoni.

"Dada, kwa ajili ya mgonjwa hukuhitaji kadi ya mumeo. Siku ya kukata tiketi ungesema, 'Tuna mgonjwa,' ukaleta na cheti cha daktari. Sisi tunaandaa kiti cha magurudumu na mahali pa kupumzika. Msindikizaji mmoja anakaa naye. Kadi ni kwa wanaosafiri sana. Hii ni huduma ya wagonjwa."

"Hatukujua, dada yangu."

"Sasa umejua. Ila kila kampuni ina utaratibu wake. Uliza mapema, usisubiri kufika mlangoni."

Ndege ilipotua, Roza alishika kifua. Kwenye mlango wa kupandia, ofisa alimtazama Dorotea kwa makini. "Mama, unaiweza safari?"

"Naweza." Hakuwa anahema tena. Ofisa akampisha.

Dar es Salaam, Dorotea alitibiwa kwa wiki kadhaa. Uvimbe ulipungua. Siku ya kukata tiketi za kurudi, Roza hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe ofisi ya kampuni ya ndege, na cheti cha daktari mkononi.

Walipofika uwanjani, kiti cha magurudumu kilikuwa kinawasubiri. Mama na binti walipelekwa chumba kidogo chenye kitanda na feni. Dorotea alijilaza, akaivua kanga usoni.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye makochi yake, mama, na kadi yake."

"Mungu asifiwe. Mwache naye apumue!"

Dorotea alicheka. Roza alimtazama kifua kwa hofu, kama alivyozoea. Lakini mama yake alicheka mpaka akamaliza, bila kuhema.