Skrubu Mfukoni mwa Kimya

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo vya mchana, kisha akaketi sakafuni karibu na meza ya mama yake na kufungua madaftari. Jina la Chiriku alipewa na jirani, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Hata akifanya hesabu, alibishana na namba. Mama yake alikuwa mchora ramani za nyumba. Alizichora kwa kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza, na hiyo ndiyo iliyowapa chakula.

Siku za karibuni kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga. Mama akiizungusha picha ya nyumba aione ubavuni, kioo kiliganda, kikajaa mistari ya rangi, kisha kikawa giza totoro.

"Kadi ya picha inachemka," alisema mama. "Feni yake imekufa. Na ramani ya zahanati inatakiwa keshokutwa!"

Chiriku alikuwa na mawazo yake. Mbona kompyuta ilianza kuugua mara tu Kimya alipohamia kwao? Kimya alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Mama yake alikuwa amehamishiwa kazi mbali, akamwacha kwa mdogo wake amalizie masomo. Mvulana huyo alikuwa mkubwa kidogo kuliko Chiriku, lakini maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Mtu asiyesema, Chiriku aliamini, ana jambo analificha. Tena alishamkuta amepiga magoti nyuma ya meza, ametega sikio.

"Unatafuta nini huko?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Taarifa ya habari?"

Kimya aliinuka, akaenda zake. Tangu hapo Chiriku akawa anamtazama kwa jicho la pembeni.

Jumamosi asubuhi mama alirudi kutoka kwa fundi wa pale kona akiwa na kipoozeo kipya: bati nyembamba zilizopangana kama meno ya kitana, na feni juu yake. Alichomoa waya wa umeme, akaifungua kompyuta, akaitoa kadi na kuilaza juu ya taulo. Vumbi lilikuwa limeijaa feni ya zamani kama sufi ya mto.

"Kila mtu na kazi yake," alisema mama. "Kimya, skrubu ni zako. Chiriku, chukua pamba na spiriti, ufute pesti iliyokauka kwenye kadi, ile ya kupitisha joto. Ukimaliza, bandua nailoni iliyo chini ya kipoozeo kipya."

Chiriku alisugua huku akisimulia jinsi mwalimu wa zamu alivyomkimbiza mbuzi aliyeingia darasani. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Tayari?"

"Tayari, mama!"

Mama alitia pesti mpya, nyeupe kama dawa ya meno, akakiweka kipoozeo juu yake. Simu ikalia. Ilikuwa ya watu wa zahanati, naye akatoka nje kuwabembeleza. Chiriku akaenda kunawa mikono. Aliporudi, Kimya hakuwapo. Punde akaingia akihema, akakaza skrubu zilizobaki, akatia kitu mfukoni upesi upesi.

Mama aliporudi, waliirudisha kadi ndani, wakawasha. Feni mpya ilizunguka kwa sauti laini, mama akapiga makofi. Lakini alipoizungusha tu picha ya zahanati, mistari ya rangi ikajaa kiooni. Giza. Safari hii hata ule muda wa zamani haikufika.

"Mama," Chiriku alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika mpaka jikoni, "muulize Kimya ana nini mfukoni."

Mama alimtazama Kimya. Kimya alitoa mkono. Kiganjani palikuwa na skrubu.

"Si nilisema!" Chiriku aliruka. "Ameibakiza makusudi! Ndiyo maana alikuwa akiichunguza kompyuta kila siku! Ndiyo maana alitoka mbio!"

"Hiyo ni ya..." alianza Kimya.

"Ya kwetu! Tunajua ni ya kwetu!"

Mama alishika kichwa. "Basi! Niacheni kwanza. Nakwenda kwa jirani kuomba kompyuta yake." Alipopita mlangoni hakumtazama Kimya usoni, na Kimya aliliona hilo. Aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzitia begini.

Chiriku alitaka ushahidi kamili. Alihakikisha waya umechomolewa, akasubiri kadi ipoe, akaitoa kama alivyomwona mama akifanya. Alitafuta tundu tupu. Hakuliona. Matundu yote yalikuwa na skrubu, na skrubu moja ilikuwa mpya, inang'aa.

Basi ile ya mfukoni ilitoka wapi? Alilegeza skrubu, akakiinua kipoozeo. Chini yake, katikati ya pesti, kuliganda utando mwembamba, unaopitisha mwanga kama maji. Nailoni. Kazi yake mwenyewe.

Aliibandua, akabaki ameishika. Pipa la taka lilikuwa pale pale. Angeitupa, akairudisha kadi, nani angejua? Kimya angeondoka na lawama zake. Kutoka chumbani alisikia zipu ya begi ikifungwa, na nyayo za mama zilikuwa zinakaribia mlango wa nje.

"Mama! Kimya! Njooni!"

Walipofika, alikuwa analia. Aliinyoosha ile nailoni mbele yao. "Ni mimi. Nilisema tayari, kumbe nilikuwa napiga soga. Kimya hakuharibu kitu."

Mama aliitazama skrubu mpya. "Na hii?"

"Ya zamani ililika kichwa, mama mdogo," alisema Kimya. "Nilikimbilia kwa fundi akanipa nyingine. Ile mbovu nikaitia mfukoni isije ikachanganyika."

"Na kule kusikiliza nyuma ya meza?" aliuliza Chiriku.

"Feni mojawapo ilikuwa inakwaruza. Nilitaka kujua ni ipi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza ukiwa na jibu lako tayari."

Chiriku aliitupa nailoni pipani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, kaka." Kimya aliitikia kwa kichwa, akachukua bisibisi.

Walisafisha upya, wakatia pesti, wakafunga. Mara hii mama alikagua kila kitu kwa macho yake. Zahanati ilizunguka kiooni kushoto na kulia, juu na chini, na kompyuta haikukohoa. Kufikia jioni ramani ilikuwa imekamilika.

Mama aliwaita wakae karibu naye.

"Kimya, mwanangu, nami nisamehe. Nilikutilia shaka, nikaondoka bila kukusikiliza. Mtu mzima hapaswi kufanya hivyo." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, mwanangu, leo umekosa mara mbili. Umesema umemaliza kazi ambayo hukuikamilisha, na umemhukumu mwenzako kwa sababu tu hasemi sana. Lakini ulipoupata ukweli ukiwa peke yako, hukuuficha, na hilo nimeliona. Shaka si dhambi, Chiriku. Ila ukishakuwa na shaka, anza kukagua kazi ya mikono yako kabla ya mifuko ya wenzako."

Chiriku aliinamisha kichwa. Kisha akaenda chumbani, akalifungua begi la Kimya, na kuanza kuzirudisha nguo zake kabatini, moja baada ya nyingine.