Miwani Isiyoandikwa kwenye Fomu

Kila siku baada ya masomo, Makunyanzi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia ofisi za jiji, akaketi kwenye benchi refu la korido, mkabala na dirisha la vibali, akafanya kazi zake za shule huku akimngoja mama yake. Jina hilo alipewa na wenzake darasani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu, lakini akitaka kusoma ubaoni alikunja uso mpaka paji likawa la bibi kizee. Wenzake walicheka, naye alicheka nao, ingawa mzaha wenyewe haukumfurahisha hata kidogo. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali.

Mama yake alikuwa mkaguzi wa majengo. Chumba chake kilijaa ramani zilizoviringishwa, kofia ngumu mbili na buti zenye tope. Katika upande wao wa jiji, hakuna jengo lililoruhusiwa kuingiwa na watu bila saini yake. Tangu baba wa mtoto afariki, mshahara wa mama ndio uliolisha nyumba, ukalipa kodi, ukanunua madaftari. Miwani iliahidiwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umeshapita mara tatu.

Sasa, kulikuwa na mkandarasi mmoja, mnene wa mwili na mpole wa sauti, ambaye ofisi nzima ilimwita Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Jina alijipa mwenyewe, akawaletea makarani soda, akawauliza hali za wagonjwa wao, nao wakamzoea. Alasiri moja, mama akiwa kazini nje, Mjomba alikuja kuketi benchini karibu na mtoto. Alimwonyesha tangazo lililobandikwa mwisho wa korido, akamwambia asome. Makunyanzi alikunja uso weee, hakuambulia hata herufi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la miwani. Siku hiyo hiyo Mjomba alimpeleka akapimwa macho, akalipa mwenyewe, na siku ya tatu miwani ikawa usoni pake. Mwenye duka aliwapiga picha wakiwa wamesimama pamoja, wote wawili wakitabasamu.

"Hii ni siri yangu na yako," Mjomba alimwambia. "Mama yako hapendi kusaidiwa. Mwambie umepewa shuleni."

Usiwe mwepesi wa kumlaumu mtoto. Siku hiyo aliona kwa mara ya kwanza kwamba mti wa pale nje una majani moja moja, na kwamba ndege wana miguu. Alipofika nyumbani alimweleza mama kuwa madaktari wa macho walifika shuleni na kugawa miwani. Mama alifurahi mpaka akataka kumwandikia mwalimu mkuu barua ya shukrani. Mtoto akasema haraka haraka kwamba madaktari wenyewe walikuwa wageni na walishaondoka. Ukawa uongo wa pili, na jua bado halijazama.

Wiki chache zikapita. Jumapili moja mchana, mama alitandaza mezani kurasa saba za fomu. Kila mwaka watumishi wote wa jiji hutakiwa kutamka mali zao kwa maandishi: nyumba, mashamba, biashara, madeni, na zawadi walizopokea. Mama alisoma kila swali kwa sauti na kujijibu mwenyewe kwa utani. Nyumba? Ya kupanga. Gari? Miguu miwili, na mmoja unauma. Makunyanzi alikuwa akicheka mpaka mama alipofika ukurasa wa sita.

"Zawadi yoyote aliyopewa mtumishi, mwenzi wake au mtoto wake, na mtu mwenye shughuli na ofisi za jiji." Mama alimnyooshea binti yake kalamu. "Wewe nani akupe zawadi, na hilo domo lako?"

Akaandika: Hakuna. Akatia saini chini yake.

Mtoto aliuliza, kana kwamba anauliza tu, mtu akiandika lisilo kweli anafanywa nini. Mama alijibu bila kuinua kichwa kwamba anafukuzwa kazi, na pengine anapelekwa mahakamani. Jumatatu asubuhi fomu ikapelekwa Ofisi ya Maadili.

Jumanne Mjomba alikuja bila soda. Alikuwa amejenga jengo la ghorofa nne, bweni la wanafunzi wa uuguzi, na wanafunzi walitakiwa kuhamia wiki iliyofuata. Mama alikuwa amekataa kutia saini. Aliona ufa kwenye nguzo za chini, akaagiza zipimwe siku ya Ijumaa kwa nyundo maalumu ya kupimia zege. Mjomba hakuingia chumbani kwake. Aliketi benchini, karibu sana, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya risiti ya miwani iliyoandikwa jina la mama, na ile picha.

"Mama yako aliandika nini kwenye fomu?" aliuliza kwa upole uleule.

Makunyanzi aligeukia mlango wa chumba cha mama.

"Nilijua tu. Basi mwambie Ijumaa aiache ile nyundo, atie saini. Asipofanya hivyo, karatasi hizi zitakwenda Ofisi ya Maadili. Nitasema aliniomba mwenyewe. Unafikiri watamwamini nani?" Alimgonga begani kwa kidole kimoja. "Mimi si mjomba wako? Nisingependa mkose pa kulala."

Jumatano darasani mwalimu alimwita mtoto mara mbili ndipo akasikia. Alipotoka getini aliona gari jeupe limesimama upande wa pili wa barabara, kioo kimeshushwa nusu. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyemwita. Lilimfuata polepole mpaka kwenye kona ya ofisi za jiji, kisha likaondoka. Alisimama kwenye mtaro akaivua miwani, akataka kuitupa humo majini. Mkono ukasita. Miwani ingezama, lakini risiti ingebaki. Mambo yalikuwa yamemfika shingoni.

Alhamisi alasiri wingu zito lilitanda, na ofisini taa ziliwashwa mapema. Mama alikuwa amekaa peke yake na faili la bweni. Makunyanzi aliingia, akasimama mlangoni, akaanza kulia kabla hajasema lolote. Kisha yote yakamtoka: duka, siri, picha, risiti, gari jeupe. Hakukoma mpaka akafika mwisho.

Mama hakupiga kelele, na hilo lilimtisha mtoto zaidi.

"Siku ile niliyoandika Hakuna," mama alisema hatimaye, "ulikuwa unajua si kweli?"

"Nilijua, mama."

Mama aliinuka, akafunga mlango. Kibali cha bweni kilikuwa mezani kimeshachapwa, kimebaki saini tu. Akakaa tena na kuvua kifuniko cha kalamu. Makunyanzi alimwona akiitazama ile nafasi ya saini kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani alimwogopa mama yake.

"Nikisaini sasa hivi, hakuna atakayejua," mama alisema polepole, kama anayejisemea. "Kazi yangu itabaki. Na mwezi ujao ataniletea jengo jingine, na karatasi zilezile." Akairudisha kalamu kwenye kifuniko chake. "Futa machozi. Twende."

Ofisi ya Maadili ilikuwa ghorofa ya juu. Mkuu wake, mwanamke mzee mwenye sauti ndogo, watumishi walimbandika jina la Mama Kurasa, maana hakupokea fomu ya mtu kabla hajamfungulisha kila ukurasa. Alisikiliza bila kumkatiza yeyote, kisha akataka mtoto asimulie tena kwa mdomo wake mwenyewe, naye akaandika. Alitoa ile fomu kwenye kabati. Mama hakuruhusiwa kufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya neno Hakuna, neno lenyewe likiwa bado linasomeka, akaandika kando yake: miwani ya mtoto, pamoja na aliyeitoa na tarehe. Akatia saini upya. Miwani ikaingizwa kwenye bahasha ya ushahidi na kupigwa lakiri, na ofisi nzima ikawa ukungu machoni pa Makunyanzi.

Mama Kurasa hakuwapa maneno matamu. Alisema mama ataondolewa kwenye faili la bweni siku hiyo hiyo, atahojiwa, na jibu atalipata Jumatatu. Usiku huo nyumbani hakuna aliyemaliza chakula.

Ijumaa asubuhi Mjomba alipanda ngazi na bahasha yake. Makarani walisimulia baadaye kwamba alitabasamu mpaka Mama Kurasa alipofungua fomu ukurasa wa sita na kumgeuzia asome. Alisoma mstari uleule mara mbili, kisha akauliza kama anaweza kupata maji ya kunywa. Wakati huo wakaguzi wengine wawili walikuwa bwenini na ile nyundo. Nguzo ya kwanza ilipogongwa ilimeguka kama mkate mkavu. Ndani walikuta mchanga, nondo nyembamba, na mifuko mitupu ya saruji iliyoshindiliwa ili kujaza nafasi. Juu ya nguzo hizo, vitanda vya wasichana mia moja na ishirini vilikuwa vimeshatandikwa.

Jumatatu waliitwa tena. Mama alipewa barua ya onyo kwa kutotafuta ukweli kuhusu kitu kilichoingia nyumbani mwake, lakini kazi yake haikuguswa, kwa sababu alisahihisha kabla ya kufichuliwa. Mjomba alikuwa mikononi mwa polisi. Makunyanzi aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini fomu ya watu wazima inauliza habari za watoto.

Mama Kurasa alivua miwani yake mwenyewe, akaiweka mezani.

"Kwa sababu mama yako asingepokea kitu kwake," alisema. "Yule mtu alilijua hilo, ndiyo maana akaja kwako. Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu mzima akikupa kitu, kisha akakwambia umfiche mzazi wako, hajakupa. Ameshika kamba, na ncha nyingine ameifunga mguuni pako. Mwambie mzazi siku hiyo hiyo, hata kama kitu chenyewe unakihitaji sana. Ulichelewa, na kuchelewa kwako kulitaka kuua watu. Lakini ulisema. Tunaandika mambo haya kwenye fomu ili asiwepo mtu wa kututisha nayo gizani."

Mtoto aliinamisha kichwa. Aliahidi, na safari hii hakuwa akiahidi ili yaishe.

Wakirudi nyumbani walipita mbele ya bweni. Lilikuwa limezungushiwa mabati, na nje ya geti kulikuwa na kelele. Makunyanzi alikunja uso, hakuona ila rangi rangi tu, akamuuliza mama kuna nini pale. Mama alimweleza kwamba ni wasichana wa uuguzi na masanduku yao. Wamezuiwa kuingia, hawajui sababu, na wamekasirika. Mmoja alikuwa amemtambua mkaguzi na sasa alimwita mchawi wa maendeleo, mbele ya watu.

Mtoto alitaka kwenda kuwaeleza. Mama akamshika mkono.

"Waache watununie, mwanangu," alisema. "Wako wazima, wote mia na ishirini."