Kichocho Sio Ukubwa

"Hamezi. Nimesema hamezi, na kesho shule haendi."

"Anakwenda na anameza, Baba Geofrey."

"Mwaka jana si ulimwona? Katapika mpaka nyongo. Mwanangu sio wa kujaribishia vidonge vya shuleni."

"Na anavyokojoa damu, hilo hulioni?"

Andrea akacheka, ila kicheko cha hasira. "Huo ni ukubwa, Mama Geofrey. Mtoto wa kiume akifika, damu inatoka. Baba aliona yangu, mwaka uleule nikaingizwa jando. Na Geofrey naye kafika."

Josephina akaweka mwiko chini. "Sawa. Na wewe mpaka leo unakojoa damu, una miaka arobaini na moja. Jando unaingia tena lini?"

Siku zote Andrea alidhani siri hiyo anaijua yeye na choo chake tu. Kumbe nguo zake anafua nani?

Mara hodi mlangoni. Ni Lusiana, jirani yao, mhudumu wa afya wa kitongoji.

"Shemeji, nikae au niondoke?"

"Kaa. Si umeitwa na mwenzio huyu."

"Sijaitwa. Mngepunguza sauti nisingekuja."

Akavuta kigoda. "Geofrey anaogelea wapi?"

"Bwawani, kama wenzake. Hata mimi nimekulia mle."

"Basi ndiko mlikoupata huo ukubwa, baba na mtoto. Mle kuna konokono, wanatoa vijidudu vidogo, macho hayavioni. Ukiingia majini vinapenya kwenye ngozi. Ndani vinakuwa minyoo, inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, inataga. Mayai yanachanachana kibofu, ndiyo hiyo damu. Mtu akikojoa bwawani, mayai yanarudi kwa konokono. Shemeji, huo ni ugonjwa. Ni kichocho."

"Mbona baba alikuwa nao na kazeeka nao?"

"Na kaka yako Gabrieli?"

Hapo Andrea akainamisha kichwa. Gabrieli alikojoa damu miaka na miaka. Aliposhindwa kukojoa kabisa, ndugu wakaanza kutafuta mchawi. Wanamfikisha hospitali Nachingwea, kibofu kimeshaliwa na saratani. Alipofariki, Andrea ndiye aliyemwosha kaka yake. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

"Sisemi kila mtu anafika huko," Lusiana akasema taratibu. "Ila kichocho ukikiacha miaka mingi, kinaweza kukufikisha."

Andrea akauliza, "Na kutapika kule?"

"Asubuhi ile alikula nini?"

Josephina akajibu yeye. "Hakula. Ilikuwa palizi, tuliwahi shamba."

"Ndiyo maana ilimsumbua vile. Prazikwanteli, hivyo vidonge vya kichocho, anameza aliyeshiba. Tumbo linaweza kuuma, kichwa kikazunguka kidogo, vinapita. Mwalimu anampima mtoto urefu kwa fimbo, ndipo anajua ampe vidonge vingapi. Msipunguze, msiongeze. Wewe shemeji nenda zahanati wakupime."

Asubuhi Andrea alikaa mbele ya mwanawe mpaka sahani ya ugali na mbaazi ikaisha. "Maliza na hicho," akasema. Geofrey akaenda shule. Baba yake akala, akashika njia ya zahanati, akapimwa, naye akameza vidonge.

Mchana tumbo lilimuuma Geofrey, akajilaza. Jioni huyo, uwanjani na mpira. Wiki zikapita, wakapimwa wote wawili. Mkojo safi. Bwawani haogi mtu tena wa nyumba ile. Wanachota kisimani, na haja wanamalizia chooni. Wakirudi bwawani watakiokota kichocho upya, wanajua.

Msimu wa jando ukakaribia. Siku moja Josephina akarudi kutoka mashineni.

"Rafiki yako Nurdini anafurahi huko. Anasema mtoto wake ameona damu, kawa mkubwa. Wazee wamekaa kwake wanapanga."

Andrea akavaa shati.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Nurdini. Wakati wazee bado wapo."

"Watakwambia umeharibu mila."

"Jando acha liwepo. Ila mtoto atibiwe kwanza."

"Watakuuliza wewe umejuaje."

Andrea akafunga vifungo, kimoja kimoja, bila haraka.

"Nitawaambia nilikuwa nakojoa damu. Na Gabrieli nitamtaja."

Josephina akamtazama, hakumzuia. Andrea akatoka, akafunga mlango.