Kilichokatwa Pembeni

Kompyuta ya Fundi ilianza kutafuna Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa dukani. Haikuwa feni, feni aliijua. Huu ulikuwa mlio wa taya, wa taratibu, kama wa mtu anayekula gegedu na hana haraka ya kwenda popote. Ulikuja kila kazi ilipofika asilimia mia, ukakaa kama dakika moja, ukanyamaza, na nyuma yake ikabaki harufu ya nywele zilizoungua. Fundi alifungua kasha, akapuliza vumbi, akafunga. Alijiamini kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo akisikia jambo asilolijua hutafuta vumbi.

Kazi yake ilikuwa kugeuza video za watu ziingie kwenye MP4, vile vidude vya mkononi vyenye kioo kidogo kuliko kiganja. Video ni pana, kioo chenyewe si kipana hivyo, kwa hiyo kuna njia mbili tu: uipunguze picha yote, ibaki na mikanda myeusi juu na chini, au uikate pembeni ijae kioo. Fundi aliichukia ile mikanda. "Mtu hajanunua kioo atazame giza," alipenda kusema. Basi alikata. Mtu mzima hakumkata, hapo alikuwa na heshima yake. Alikata bega, mkono, nusu ya shavu. Na kwa kuwa kadi za watu zilikuwa ndogo, akishakata alifuta faili la asili ili jipya lipate nafasi, bila kumuuliza mwenyewe.

Jumatano akaingia mshonaji wa mtaa wa nyuma, mkono wake wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Fundi, ile video ya sherehe umeniharibia. Umenikata mkono."

"Ulikaa pembeni, dada. Wa pembeni ndio wanaokatwa." Akacheka peke yake.

"Ni mkono huuhuu," mshonaji akasema, sauti imeshuka. "Tangu jioni ile nilipoichukua. Hospitali wanasema hawaoni kitu."

Akachomoa pini iliyokuwa kwenye ukosi wa gauni lake, akaizamisha kwenye kiganja cha mkono huo mpaka kichwa cha pini. Hakukunja uso. Alipoichomoa haikutoka damu hata tone.

Fundi alikuwa bado anaitazama ile pini alipoingia dereva wa lori, shavu la kulia limeanguka na mate yanamtiririka, akaweka MP4 yake juu ya meza na kunyoosha kidole kwenye kioo, mahali ambapo shavu lake la kulia lilikuwa limekatwa. Hapo ndipo Fundi alipokumbuka kwamba asubuhi ile, kabla hata ya kunywa chai, alikuwa amegeuza video ya bintiye wa miaka tisa aliyekaa mwisho wa benchi akila chungwa, kwamba alikuwa amemkata mguu na kiganja ili picha ijae vizuri, kwamba alikuwa amefuta ya asili kama kawaida yake, na kwamba ule mlio wa kutafuna, safari hii, haukukoma baada ya dakika moja, ulikuwa unaendelea mpaka sasa, nyuma ya ukuta, upande wa chumbani.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Hatua saba zikamfikisha.

"Baba," binti alinong'ona kitandani, "mguu wangu umeondoka."

Mguu ulikuwepo. Ulikuwa baridi, na kuanzia kifundoni kupanda juu palikuwa na alama za meno, ndogondogo, zimepangwa sawa kama mshono wa cherehani. Mkewe Fundi alikuwa anausugua huku analia. Chini ya mto, ndani ya MP4 ya binti iliyozimwa, kitu kilikuwa kinatafuna.

Mganga aliitwa. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyewahi kutengeneza redio kabla ya kuhamia kwenye kupunga majini, na alisema kazi zenyewe hazikupishana sana. Akasikiliza chini ya mto, akapima alama za meno kwa vidole.

"Faili la asili liko wapi? Nikiwa nalo, namtapisha jini alichokula."

"Nimefuta."

"Umefuta kwa nini?"

"Nafasi, mama. Nafasi ilikuwa imejaa."

Mganga akafunga mkoba wake. Akamvuta Fundi mpaka mlangoni, mbali na mkewe. "Huyu jini hakutumwa na mtu. Umemfuga mwenyewe kwa makombo. Sasa hivi yuko kwenye goti. Jua likizama atakuwa kwenye moyo. Ataachia tu akipewa badala yake, wa damu hiyohiyo, kwa mkono uleule uliokata."

"Anichukue mimi."

"Wewe ni mpishi wake. Hakuli." Akavaa viatu. "Mimi jambo hilo silifanyi. Nimekwambia tu lipo."

Mke akatoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali. Fundi akabaki anapiga hesabu, na Mungu anajua ilikuwa hesabu ya haraka. Mke ni mlezi wa mtoto. Mama yake mzazi, aliyekaa sebuleni na masikio yake mabovu, ana miaka sabini na sita.

"Mama, njoo ukae hapa mwisho wa kitanda, niwapige video wewe na mjukuu wako."

Mama akaja, akajipangusa uso, akakaa.

"Sogea kulia kidogo. Kidogo tena."

"Naonekana?"

"Unaonekana wote, mama."

Akarudi dukani, wateja walikuwa wameshaondoka, akaingiza video, akasogeza mstari wa kukatia mpaka ukapita juu ya mguu na kiganja cha mama yake. Nyuma yake kandambili zikaburuzika sakafuni.

"Masikio yangu ni mabovu, mwanangu, si mafu," mama akasema polepole. "Na yule mganga hajui kunong'ona. Usiniache nusu. Nusu mtu mtamwogesha miaka mingapi? Sogeza huo mstari mpaka nitoke wote."

"Mama..."

"Sogeza. Mimi nakwenda kujilaza."

Akasogeza. Aliona aibu na aliona ahueni, na ahueni ndiyo iliyokuwa kubwa. Kazi ilipofika asilimia mia, taya zilianza upya, safari hii bila taratibu yoyote, zinapapia, zinavunja, mpaka meza ikatetemeka na harufu ya nywele ikajaa duka zima, halafu kimya, halafu mbweu moja ndefu.

"Baba! Mguu umerudi!"

Mke alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Fundi alimsikia akipiga kelele za furaha chumbani, akiita, "Mama! Mama, njoo umwone mjukuu wako!" Chumba cha mama hakikujibu.

Fundi hakunyanyuka. Siku zote hizo alikuwa amemlisha mabega na mashavu. Leo ndiyo mara ya kwanza jini kuonja mtu mzima, si kipande. Kwenye kioo cha kompyuta, kipanya hakijaguswa na mtu, mstari ulikuwa umeshapita pale alipokaa mama, unasogea polepole kuelekea kwenye mto, alipolala binti.