Mgeni Aliyekula Majina

Asubuhi Rukije alikuta kikombe cha pili kimenywewa.

Cha kwanza kilikuwa chake mwenyewe, hicho hakina neno. Cha pili alikuwa anakimimina tu kila jioni, kwa sababu mwanamke wa kijiji cha Gurshtan akipika kahawa lazima pawe na wa kumpa, hata kama mume amekufa na mtoto yuko Ujerumani. Kikipoa anakiweka nje kwenye jiwe la mlangoni, asubuhi anakimwaga kwenye maua. Leo kilikuwa kitupu. Machicha yamekauka chini, na pale pa kuweka mdomo pana alama ya udongo.

Akacheka peke yake. "Paka huyo," akasema. Paka wa wapi, jamani? Paka walishaondoka Gurshtan zamani, walimfuata nani hapa?

Maana Gurshtan ile, ukiiona, utasema matajiri wanaishi humo. Maghorofa, mapaa mekundu, vioo vya buluu! Ndani hamna mtu, wenyewe wako ughaibuni. Mwezi wa nane wanakuja wote na magari yao, ngoma, harusi juu ya harusi, kondoo wanakwisha. Mwezi wa tisa wamefunga madirisha, wamekwenda. Wanabaki vibibi. Na vibibi wana mtindo wao: hakuna kupigiana simu, unasimama uani kwako unapiga ukelele. Hysnije, jirani wa upande wa pili wa bonde, ndiye bingwa. Yule akiita, mbuzi wa kijiji kingine wanaacha kutafuna.

"Ooo Rukije! Kahawa iko motoni!"

"Nakujaaa!"

Hivyo ndivyo walivyoishi, mmoja anaita, mwenzake anaitika, na siku inakwenda.

Sasa hilo jiwe la mlangoni. Nyuma ya kwa Rukije kuna kilima cha mviringo ambacho si Mungu aliyekiweka, ni watu. Wale wa kale, Wadardani, waliokuwa wenyeji hapa kabla ya Mturuki na kabla ya Mrumi. Wakubwa wao wakifa waliwakunja kama watoto tumboni, wakawafunika kwa mabamba ya mawe, wakamwaga udongo mpaka ukawa kilima. Kila mtu anajua. Hata ng'ombe hawalali pale.

Mwezi wa nane Bardhyl, mwana wa pekee wa Rukije, akaja na mashine ya kuchimba. Anataka banda la gari. Akakikata kile kilima kama mkate! Ikatoka pini ya shaba, ukatoka mtungi, ikatoka mifupa imejikunja kama mtu mwenye baridi. Likatoka na bamba refu, laini, zuri. Akalilaza mlangoni kwa mama yake.

Hysnije alimwambia, "Bardhyl, mwanangu, rudisha. Hilo ni la watu."

"Shangazi, hao watu ndio sisi! Mimi mwenyewe nina jina la mfalme wao. Babu atamnyima mjukuu jiwe?"

Wakacheka wote, na Hysnije akacheka. Na ni kweli jina ni lao. Rukije alitaka kumwita Ahmet, jina la baba yake, lakini zama zile serikali ilikuwa imekataza dini, karani akasema Ahmet hapana, chagua la kale. Wakachukua jina la wafu wasiokuwa na mtu wa kuwaulizia. Nani angekwenda kuomba ruhusa, na kwa nani?

Basi. Jioni ya siku ile ya kikombe, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua, Rukije anasikia mlangoni:

"Ee mwenye nyumba! Unapokea wageni?"

Sauti ya mwanamume, nzito, inatoka chini chini kama mtu amekaa. Nawe ujue, kwetu mtu akiita hivyo huulizi ni nani. Ukishamwitikia amekuwa wako, humfukuzi hata kama ndiye aliyemuua ndugu yako. Na Rukije, masikini, tangu Bardhyl aondoke hakuna aliyemwita mlangoni. Alikimbia na aproni yake!

"Karibu! Mkate, chumvi na moyo ni vyako!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Hamna mtu. Ikaingia harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na ngozi ya mbuzi iliyolowa, na jivu la moto uliozimika zamani. Mbwa, Murgo, akarudi kinyumenyume mpaka mwisho wa ua, mkia tumboni, hakubweka.

Unadhani alipiga kelele? Alitandika mto karibu na meko, mahali pa heshima. Akakata mkate. Akakaa upande wake. Ule mto ukabonyea polepole, kama mtu mzito anajikunja juu yake.

"Wewe ni wa nani?" ile sauti ikauliza.

Eh! Swali gani tamu hilo kwa mtu mpweke! Rukije akaanza. Mimi ni wa Ahmet, Ahmet wa Sadri, Sadri wa Lush, Lush wa Kol, akapanda mpaka kule juu ambako hata msikiti haujajengwa. Mgeni anasikiliza, anavuta pumzi kila jina likitajwa, kama mtu anayekunywa supu. Rukije akalala amefurahi.

Jioni iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Kahawa inakwisha kwenye kikombe, udongo unabaki. Kwa Hysnije haendi tena. Anaitwa, anaitikia, "Nina mgeni!"

"Mgeni gani, wewe? Njia imefungwa na theluji!"

Hysnije akavaa buti za marehemu mumewe, akavuka bonde. Akamkuta mwenzake amekonda, macho yamedidimia, nyumba ina baridi na moto unawaka.

"Wewe bibi, umepata bwana?" Hysnije anatania. "Afrim wako huko aliko atasemaje?"

"Afrim nani?"

Kicheko cha Hysnije kikakatika. "Mumeo, Rukije."

"Aa... yule. Yule wa masharubu." Rukije akaanza kulia taratibu. "Sura ninayo, Hysnije. Majina yananitoka. Nikimtajia, asubuhi silioni. Baba yangu alikuwa nani?"

"Unamtajia nani?"

Rukije akanyoosha mkono kwenye mto. Umebonyea, na ni mchana.

Hysnije alitoka pale bila buti moja! Moja kwa moja mpaka kwa Sheh Dalip, yule mzee wa zawia ya masufi, ndevu njano kwa tumbaku. Sheh hakuja na ubani wala hirizi. Alisimama nje, akalitazama lile bamba, akakataa kulikanyaga.

"Mtoe, Baba Sheh," Hysnije ananong'ona.

"Nani amtoe? Si amekaribishwa? Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Rukije atangulie, amfikishe kwake, na mlango wake arudishiwe." Akaligusa jiwe kwa fimbo. "Huu ndio mlango wake. Lakini mgeni haondoki mikono mitupu. Bibi, amekuomba nini?"

Rukije akainamisha kichwa. "La mwanangu. Jana aliniambia. Alisema wao walikuwa wengi, wana mifugo na mashujaa na mabinti wenye shanga za kaharabu. Wakaja wenye barabara, hao Warumi, wakawabandika majina ya kwao, wakawachukua vijana kwenye vita vya watu, mpaka akabaki bibi mmoja anayejua lugha, hana wa kusema naye. Akafa. Basi na wao wakafa tena. Alisema, 'Jina moja tu letu bado linaitwa na watu walio hai, na lipo kwako. Nirudishie.' Baba Sheh, likienda hilo, akinipigia simu nitamwambia nini? Nitamuuliza wewe ni wa nani?"

Sheh akaiondoa fimbo juu ya jiwe. Halafu akasema, "Utakaloliweka mkononi mwake, utaliamua wewe."

Jiwe lenyewe sasa! Wanaume wa kubeba wako wapi? Wako Stuttgart, huko Ujerumani. Wakakusanyika vibibi wa Gurshtan, wenye magongo, wenye migongo iliyopinda, mmoja haoni vizuri, wakaliweka kwenye toroli wakasukuma, na Hysnije anawatukana wasilie: "Sukuma, we Mejreme! Harusini ulikuwa unacheza mpaka alfajiri!" Wakacheka wanahema, wakalifikisha kwenye kilima kilichokatwa, wakalisimamisha kwenye shimo. Wakarudi nyuma. Mengine yalikuwa ya Rukije.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukungu alipotoka mlangoni ametangulia, mkate kwapani, hageuki, na nyuma yake wakasikia, wote walisikia, nyayo zisizo na viatu zinaponda theluji, polepole, nzito, na kila unyayo unaacha tope jeusi mahali ambapo hapakuwa na tope, na harufu ile inapita mbele ya nyuso zao kama mtu anayewatazama mmoja mmoja na kuwauliza bila mdomo wewe ni wa nani, wewe ni wa nani, nao wakajiziba midomo kwa vitambaa vyao wasije wakajibu, hata Hysnije, ambaye hajawahi kuziba mdomo tangu azaliwe.

Kwenye jiwe Rukije akasimama. Akaweka mkate chini. Upepo ukatulia kabisa.

"Nipe," ikasema sauti.

Hysnije alikuwa karibu, alimwona. Midomo ya Rukije ilifanya B, ikakataa. Akavuta pumzi. Akasema kwa nguvu, kama mtu anayeitika uani:

"Rukije."

Udongo ukaporomoka wenyewe ukafunika jiwe. Murgo akabweka kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie.

Usiku uleule simu ililia, Hysnije akiwa bado pale anakausha miguu.

"Mama, hujambo?"

"Bardhyl!" yule bibi akapiga kelele, machozi yanamwagika. "Bardhyl wangu, Bardhyl, Bardhyl!" Akalisema mpaka mtoto akaogopa kule aliko.

Mzima. Kunenepa, akanenepa. Jiko lina joto, mto umeinuka. Lakini mwite kwa jina lake, umsimamie mbele ya pua: anakutazama kwa adabu, anasubiri uendelee. Hana habari kuwa unamwita yeye. Hysnije siku hizi anavuka bonde kwa miguu yake mpaka mlangoni, anamgusa bega, "Njoo, kahawa."

Siku moja tu alijisahau. Ilikuwa jioni, hakuna ukungu, kahawa iko motoni, mkono ukaenda kiunoni kwa mazoea ya miaka, akasimama uani akaita:

"Ooo Rukije!"

Dirishani ng'ambo ya bonde, kwenye mwanga wa taa, alimwona mwenzake amekaa, anamenya viazi, hakuinua hata kichwa.

Na kutoka kwenye kilima, chini chini, kama mtu aliyejikunja ambaye amengoja kwa muda mrefu sana kuitwa na mtu yeyote, ile sauti ikaitika:

"Nakujaaa."